Biskuti Zilizokuwa Ziende Badala ya Sabrina

Kambi ya Wavuvi,
Mtera, Dodoma.
Jumatano, 9 Julai 2025.

Mpendwa Shangazi Batuli,

Kabla hata sijakuamkia, acha nikwambie alichofanya mjukuu wako Sabrina sasa hivi. Nimempa biskuti, ameing'ata kidogo tu, halafu akaja akanitia iliyobaki mdomoni mwangu, akasimama ananiangalia kama nitameza. Nilipomeza akapiga makofi. Hivyo ndivyo ninavyomfanyia mimi akikataa uji. Leo amenigeuza mimi ndiye mtoto. Sasa ameenda kukaa kwenye godoro, anamlisha mwanawe wa gunzi, na huyo gunzi naye anapigiwa makofi.

Shikamoo Shangazi yangu. Unaendeleaje na ule mguu? Uvimbe umepungua au bado unauburuza kwenda kisimani na kujifanya mzima? Mjomba Sefu mzima? Na mihogo ya huko Mpanda imekubali? Naomba kila mmoja wenu salamu hizi zimkute anacheka. Sisi huku kipupwe kimetukamata vibaya, upepo wa bwawani unaanza asubuhi na hauna adabu. Mume wangu Masudi alikohoa wiki nzima, sasa amepata nafuu. Mimi mwili hauumwi popote.

Najua utashangaa barua wakati simu ipo. Nimejaribu kukupigia, Shangazi. Nikisikia tu ile "Ee mwanangu" yako, naanza kulia, unabaki wewe kuita haloo, haloo, mpaka mtandao unakata. Kwenye karatasi hata nikilia, kalamu inaendelea.

Jambo lenyewe ni hili: leo Sabrina anaondoka. Khamisi, mdogo wake Masudi, anakuja kumchukua ampeleke kijijini Busi kwa mama mkwe, akalelewe huko. Nimeliandika mapema ili usisomewe barua yote ukitafuta nani amekufa. Hajafa mtu. Ila ndani yangu mimi kuna msiba.

Wewe hujawahi kutuona tunavyoishi. Boti tunayokaa ni ya Mzee Alnashir wa Dodoma mjini, yule niliyemfanyia kazi za ndani kabla sijaolewa. Inazunguka kambi za wavuvi kukusanya samaki. Masudi ndiye dereva, mimi ndiye mpishi wa wanaume wote wa humu, na tunalala humo humo, chini ya turubai. Jiko langu liko nyuma, limezungushiwa bati pande tatu. Ukubwa wake ni wa mtu mmoja na robo. Nikiinama kupuliza mkaa, makalio yanabaki nje yanawasalimia samaki. Nina jiko la mkaa juu ya sinia la mchanga, mbao zisiungue, nina sufuria mbili, mwiko, kisu na kikombe cha bati. Basi, hilo ndilo jiko, na nalipenda.

Tangu Sabrina aanze kutembea, nikiwa napika namfunga khanga kiunoni, na ncha ya pili naifunga kwenye nguzo ya turubai. Fundo ni lile la ndama, ulilonifundisha wewe. Urefu wa khanga unamfikisha kwangu, haumfikishi ukingoni. Watu wa hapa wameshazoea. Lakini kuna mtu alipita akatuona, akafikisha maneno Busi kwamba mke wa Masudi anamfunga mtoto kama mbuzi.

Mama mkwe akapiga simu. Hakunitukana, bora angenitukana. Aliniambia kwa upole, "Mwajabu mwanangu, mtoto ameshaacha ziwa, anasubiri nini tena juu ya maji? Niletee mimi bibi yake. Wenzake wote ndivyo walivyolelewa."

Ni kweli ziwa ameacha, mwezi uliopita, nilijipaka shubiri. Na ni kweli kwetu mtoto akiachishwa anakwenda kwa bibi au kwa shangazi, hata mimi nilikwenda, wewe ndiye shahidi. Lakini Shangazi, kifua kilikuwa hakijaacha hata kuuma, na tayari mtu anataka kunichukulia mtoto.

Nikamwambia Masudi sitaki. Masudi unamjua, mtu wa maneno machache. Akasema, "Mama Sabrina, huyu umemzaa wewe. Ukisema haendi, haendi. Maneno ya mama nitayabeba mimi mgongoni." Waume wa kusema hivyo ni wangapi? Kwa hiyo usije ukafikiri nimelazimishwa. Hakuna aliyenilazimisha.

Utaniuliza kwa nini nisifungashe nikaenda naye. Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kikauma. Mwaka huu mvua ilikata mapema, Busi shamba limetoa mabua. Wanachokula kule ndicho tunachotuma kutoka huku, na mshahara wa Masudi peke yake unawafikisha nusu ya njia. Nikiacha upishi, nitakwenda kukaa na mwanangu tukitazama sufuria tupu, na bibi yake pembeni.

Basi nikapanga hila. Mama mkwe anapenda sana kitu kitamu na chai ya jioni. Nikasema, Khamisi akija hatarudi mikono mitupu: nitamwokea mama mkwe biskuti za samli, zile alizonifundisha Mama Rozmin, mke wa Mzee Alnashir. Wao wanaziita nankatai. Ziende zenyewe, badala ya mtoto, na maneno matamu juu yake kwamba Sabrina atakuja sikukuu, akikua kidogo. Usinicheke Shangazi. Mfa maji haachi kutapatapa.

Biskuti zenyewe si kazi. Unga wa ngano, sukari, samli na iliki, hakuna yai wala maziwa. Tatizo ni pa kuziokea. Kwa Mama Rozmin kulikuwa na jiko la umeme, unabonyeza, unakwenda kufua. Mimi sukari nimeisaga kwa kuiviringishia chupa ya soda juu ya ubao wa samaki, tena baada ya kuusugua ubao kwa majivu na ndimu mpaka ukawa mweupe. Vipimo ni kile kikombe cha bati. Na badala ya oveni nikafanya vile wanavyookea keki za harusi kijijini: sufuria kubwa ina mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu ya mchanga, biskuti kwenye sahani, mfuniko, halafu mkaa chini na mkaa juu.

Siku ya kwanza, juzi Jumatatu, nilimtuma Masudi aniletee mchanga. Mwanaume wa watu akaenda pale pale karibu, akauchota pale wanapoanika samaki. Mimi nami sikuunusa, maana huku pua zetu zimeshakufa. Mchanga ulipopata moto, Shangazi! Harufu iliyopanda humo ndani ya sufuria ilikuwa ya perege wa kukaanga. Na upepo nao ulikuwa umeamka, boti ikawa inainama, biskuti zote zikateleza upande mmoja, zikagandana kama ng'ombe waliogombania kivuli.

Sila, kijana wa Kigogo anayepakia samaki, akaja ananusa. "Mama Sabrina, leo umefungua hoteli ya Kihindi?" Nikamwambia onja. Akaonja, akatafuna taratibu, akasema, "Tamu. Ungeongeza ndimu na pilipili tungekula na ugali." Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya bati nikalia, kwa sababu samli ilikuwa imebaki ya mara moja tu na mama mkwe hatakubali kubembelezwa kwa biskuti za perege.

Jana ndiyo nikaamka kabla upepo haujaamka. Masudi alikuwa amenichotea mchanga mwingine kwenye korongo la mbali huko, nikaukaanga mtupu kwanza na kuunusa mpaka nikapiga chafya. Safari hii sikuukanda sana unga. Mama Rozmin alikuwa akinigombeza, "Mwajabu, huo si wa chapati! Ukiukanda hivyo utakuwa mgumu kama moyo wa mwenye nyumba." Tena alikuwa na sheria nyingine, kutofunuafunua. Mimi sheria hiyo sijawahi kuiweza. Huwa nafunua kila mara nione, moto unatoka, biskuti zinazubaa.

Nikazipanga mbali mbali, nikafunika, nikaweka mkaa juu. Sabrina nilikuwa nimemfunga kama kawaida, yuko nyuma yangu anazungumza peke yake. Masudi na wenzake wote walikuwa nchi kavu wanapima samaki. Niliinama kupuliza mkaa wa chini, maana ulikuwa unataka kuzima. Shangazi, nilipuliza tu. Nilipuliza, moshi ukaniingia machoni, nikafikicha, nikasikia kimya.

Nikageuka. Nguzo ilikuwa haina kitu.

Alikuwa ameketi pale wanaume wanaposhukia, miguu inaning'inia nje. Amelifungua fundo. Sikumfundisha, alikuwa akiniangalia tu ninavyolifungua kila siku. Na ile khanga alikuwa ameitumbukiza majini, anaivuta na kuirudisha, anafua, kama anionavyo mimi nikifua. Unajua khanga ikilowa ilivyo nzito. Kila akiivuta, yenyewe ilikuwa inamvuta yeye. Alikuwa ameshainama hivi.

Sikupiga kelele. Sijui nani aliniziba mdomo, ni Mungu tu, maana ningepiga angeshtuka. Nilitambaa kwa magoti, nikamdaka kwa nyuma ya gauni. Khanga ikaenda zake. Akaniangalia kwa hasira, nimemharibia kazi. "Mama, fua! Fua!" ananionyesha maji.

Nilikaa naye sakafuni, nimemkumbatia, sijui kwa muda gani. Alichoka kukumbatiwa, akaanza kunivuta masikio. Mimi nilikuwa naona tu vile vidole vyake. Vidogo hivyo, na vimeweza fundo la ndama. Kesho vitaweza fundo lingine lolote nitakalomfunga, na mimi ni lazima niiname nipulize moto, asubuhi, mchana na jioni.

Harufu ya iliki ndiyo iliyonikumbusha biskuti. Nilijua zimekuwa makaa. Nikafunua: Shangazi, tangu nijifunze sijawahi kutoa biskuti kama zile. Nyeupe, zimepasuka juu kidogo kama zinavyotakiwa, ukiigusa inakwambia nimeiva. Mama Rozmin mwenyewe angeomba ya pili. Niliziangalia nikatamani kuzitupa zote majini.

Masudi aliporudi hakuona kitu, Sabrina alikuwa amelala. Akachukua moja, akasema, "Hizi sasa ndiyo zitamnyamazisha mama." Nikamwambia, "Mpigie Khamisi. Mwambie akija aje na sweta la mtoto, Busi kuna baridi." Akaacha kutafuna. Akaniangalia mimi, akaangalia nguzo, akaona haina khanga. Alitoka, akakaa mbele huko peke yake, na chakula cha jioni hakukila.

Sasa biskuti zitaondoka na mtoto badala ya kuondoka kwa ajili ya kumbakiza. Nimezipanga kwenye kopo la maziwa. Mama mkwe mwenyewe amesema kitu cha kwanza mtoto kula kwenye nyumba mpya kitoke mkononi mwa mama yake, asije akasusa chakula cha pale. Nimemwomba Khamisi kwenye simu, "Shemeji, njiani mnunulie ndizi, biskuti zikafunguliwe Busi." Akanijibu, "Shemeji, mimi unaniogopea au unaziogopea biskuti?" Nikasema vyote. Akacheka, lakini nilisikia anacheka ili mimi nisilie.

Shangazi, sababu ya kukuandikia wewe na si mtu mwingine ni hii. Wewe ndiye uliyenipokea mimi. Nilikuwa na umri kama huu wa Sabrina pale marehemu mama aliponileta kwako Busi, kabla hujahamia Mpanda, akarudi Dodoma kutafuta riziki. Mimi siku ile siikumbuki hata kidogo. Hilo ndilo linaloniua. Siku ambayo mama yangu alilia njia nzima, mimi sina hata tone lake kichwani.

Ninayoikumbuka ni siku nyingine, alipokuja kuniona. Alikuwa ameniletea mkate wa mjini na viatu vyenye kengele. Mimi nikajificha nyuma yako nikashika gauni lako, nikakuuliza kwa sauti, "Mama, huyu ni mgeni wa nani?" Watu wote uani wakacheka. Yeye pia alicheka sana, akasema mtoto huyu ana maneno. Baadaye nilimsikia bafuni anamwaga maji, anamwaga tu, maji ya mtu asiyeoga. Nilidhani anacheza. Mpaka anafariki nilimwita mama wa Dodoma, na wewe nilikuita mama. Hakuwahi kunirekebisha.

Kwa hiyo nakuuliza, unijibu kweli kama mtu mzima, usinifiche kwa huruma. Nililia siku ngapi? Nilimwita usiku? Niliacha lini kumtafuta mlangoni? Na wewe ulifanya nini ili nisimsahau, au uliacha nisahau kwa sababu ndiyo ilikuwa nafuu yangu? Silaumu, Shangazi. Mikono yako ilinilea, sina pengo la mapenzi. Nataka tu kujua njia kabla mwanangu hajaipita, kama mtu anavyouliza mvua imeharibu wapi barabarani.

Maana nina matumaini, usidhani nimekata tamaa. Mama Rozmin nilimpelekea mbili kati ya zile za jana kwa gari la samaki, akapiga simu jioni ile ile. Anasema kule Chimwaga wanafunzi wa chuo wananunua vitafunwa kuliko chakula, na kuna ndugu yake mwenye duka anatafuta mtu wa kumwokea. Akikubali, na tukipata chumba nchi kavu, hata cha bati, namfuata Sabrina siku hiyo hiyo. Mama mkwe nimemwambia nampa kwa muda, simpi moja kwa moja. Amesema sawa. Mungu amsikie hivyo hivyo.

Nisalimie Mjomba Sefu, mwambie nikipata msafiri nitamtumia kambale mkavu. Nisalimie Nazish wako wa jirani anayekusomea barua, na leo namwomba radhi kwa kumliza, najua atalia. Msalimie Yasinta, na umbusu mwanawe, yule mjukuu mpya niliyemwona kwenye picha tu. Mungu akupe mguu mzima na maisha marefu, akulinde wewe uliyelinda mtoto wa mwenzio, na dua yako yoyote ya leo itanguliwe na jina la Sabrina.

Ni mimi niliyelala mgongoni mwako na bado nakupenda kwa uzito ule ule,
Mwajabu (Mama Sabrina)

Nimeifungua tena barua, Shangazi. Boti ndogo inakuja kutoka darajani, naona mtu amekaa mbele amevaa kofia, nadhani ni Khamisi. Sabrina nimemwogesha na kumpaka mafuta, anang'aa, anafikiri tunakwenda harusini. Anacheza na kopo, anataka nimfungulie.

Neno moja nilisahau. Najua Idd huwa unakwenda Busi. Ukifika, usimwite kwanza. Simama pale mlangoni, mwangalie kwa macho yangu mimi, uone kama amenenepa, kama anacheka na wenzake, kama anafungua mafundo ya watu. Halafu mwite, umkalishe mapajani vile ulivyokuwa unanikalisha, na akikuuliza wewe nani, usijitaje, mwambie mimi nimetumwa na mama yako, na mama yako amesema

Naitwa, Shangazi. Masudi anasema nimlete. Mwambie mama yako amesema kwamba